Shangazi Sindano Bila Uso

Niseme mapema ili mtu asije akanizunguka: kosa ni langu, si la mashine. Ofisini wananifariji, eti programu ina matatizo, eti kompyuta yangu imezeeka. Hapana. Niliyebofya ni mimi, kwa kidole hiki hiki, na niliyesahau kubofya tena ni mimi. Na ikatokea wiki ile ile ambayo binti yangu alikuwa anafunga mizigo, Jumapili saa nne asubuhi apande basi akaishi kwa mama yake mdogo, mbali, safari ya kutwa nzima. Sikutaka aende. Sikuwa nimemwambia.

Kazi yangu ni kuchora katuni zinazotembea. Najua, mtu mzima mwenye mvi akisema anachora katuni watu wanacheka. Hata fundi aliyekuja kuziba bomba la jikoni alicheka, tena bomba lenyewe akaliacha linavuja. Tuko watatu, vyumba viwili juu ya duka la magodoro: bosi, mwanamke mfupi mwenye haraka ambaye sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai; fundi wa sauti, dada mtaratibu anayevaa vile vidude vya masikioni hata akienda kunawa mikono; na mimi, ambaye wameniita Bwana Vidole. Jina hilo nililitaka mwenyewe. Hakuna mtu katika mji huu anayechora mkono kama mimi, na nikisema hivyo sijisifu, nasema tu.

Mwaka huu tulipewa kazi ya kutengeneza visa vya watoto viziwi. Msimulizi wetu ni Shangazi Sindano, mshonaji mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, anayehadithia vituko vyake kwa lugha ya alama. Tuliweka na sauti, kwa ajili ya wazazi wanaosikia, maana wengi wao hawajui alama hata ya kuomba maji. Na kwa kuwa mikono ya Shangazi ni lazima iseme kweli, nilimwomba binti yangu awe kielelezo. Ana miaka kumi na minane, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anasimama sebuleni mbele ya pazia, mimi nimeifunga simu kwenye mgongo wa kiti, anasimulia kisa, narekodi. Kisha ofisini namfuata picha kwa picha, picha ishirini na tano kwa kila sekunde, hadi vidole vya Shangazi viwe vyake.

Sasa mnielewe hapa. Katika programu tunayotumia, kila kiungo cha Shangazi kina mstari wake chini ya skrini, na mstari huo tunauita traki. Mkono wa kulia una traki yake, wa kushoto yake, kila kidole yake, mabega, kichwa, macho, nyusi, mdomo, mpaka ile futi ya shingoni. Pembeni ya kila traki kuna vitufe viwili. Cha kwanza ni cha kutenga: ukikibofya, traki hiyo inabaki peke yake kwenye skrini na nyingine zote zinatoweka, ufanye kazi yako bila kubughudhiwa. Cha pili ni cha kuzima: traki inabaki pale pale, hakuna kilichofutwa, ila mashine inaipita kana kwamba haipo. Ukimaliza unaiwasha. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo.

Uso wa Shangazi una vipande vingi, na kompyuta yangu ikiubeba inahema. Kwa hiyo nikiwa kwenye vidole, uso nauzima. Macho, nyusi, mdomo, traki tatu tu. Zikizimwa, Shangazi anarudi kwenye ule uso wake wa mwanzo tuliomchora nao siku ya kwanza: macho wazi, mdomo umefungwa, katabasamu kadogo ka heshima. Vidole vinakwenda, uso umetulia tuli. Kwangu mimi hakuna raha kama hiyo, maana macho yanabaki na kazi moja.

Kisa cha mkasi uliopotea nilikishughulikia wiki tatu. Shangazi anautafuta mkasi wake, anamshuku jirani, anamfokea, analia, mwishoni anaukuta mkasi kwenye nywele zake mwenyewe. Nilipomaliza nikakitazama mara nne tangu mwanzo hadi mwisho. Bosi akakitazama akiwa amesimama. Fundi wa sauti akakitazama akipanga sauti ya msimulizi. Watu watatu tunaosikia, sote macho kwenye mikono na masikio kwenye sauti. Bosi akasema, "Bwana Vidole, hapa umejimaliza." Kikapelekwa shuleni kama kilivyo.

Nyumbani tulikuwa watatu, tukabaki wawili. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi na mwanangu hatujawahi kuzungumza. Si kwamba sijui alama. Nazijua sana! Alipokuwa mdogo shule ilitupa chati yenye michoro ya mikono, nikaikalia mwezi mzima mpaka nikaimeza yote. Alama zangu zilikuwa safi kuliko za mama yake, na nilimtambia. Mama wa watu alikuwa anachanganya herufi, anabuni alama zake, anakosea kila siku, na bado mtoto alikuwa anakaa miguuni pake jioni nzima wanacheka hadi wanashika mbavu. Nikiingia mimi na alama zangu safi, mtoto ananijibu kwa adabu, "Nimekula, Baba. Nimesoma, Baba," halafu anamgeukia mama yake.

Nikaona isiwe taabu. Nikawa namwambia mke wangu, "Hebu mwambie mwanao kadhaa wa kadhaa," naye anamwambia. "Haya, anasemaje?" Ananieleza. Wakati mwingine mke wangu alichoka, akaniambia, "Baba nanihii, mtoto yuko mbele yako, si umwambie mwenyewe?" Najitia hamnazo. Tuliishi hivyo miaka kumi na sita na tukajiona familia.

Baada ya mazishi kilichobaki ni vijiko. Kijiko kwenye sahani, maji kwenye sinki, kitasa cha mlango. Narudi jioni namkuta anasoma, namuuliza kwa vidole, "Umekula?" Anajibu, "Nimekula." Naingia chumbani nakaa kitandani na viatu vyangu mpaka miguu inakufa ganzi. Nilikuwa mpweke, sioni haya kulisema, mpweke ndani ya nyumba yenye mtu. Nikajipa moyo kwamba na yeye ndivyo alivyo, mtoto wa maneno machache. Uongo mtupu! Wakija rafiki zake mikono haitulii, wanasutana, wanapigana mito, na mimi nikipita kwenda jikoni mikono yote inashuka mapajani.

Kisha ikaja ile fomu. Niliikuta mezani siku moja, imeegemezwa kwenye kikopo cha chumvi. Chuo cha ufundi wa miwani, katika mji anaoishi mama yake mdogo, mdogo wa marehemu mke wangu, ambaye alama anazijua kama lugha ya mama. Kozi kama hiyo ipo hapa kwetu pia, safari ya nusu saa kutoka nyumbani. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi. Binti yangu alisimama mlangoni ananitazama. Moyo wangu ukawa unasema mwambie abaki, mwambie huwezi kukaa humu peke yako. Mkono ukachukua kalamu. Si ndiye aliyeiweka mezani? Basi anataka kwenda. Nimzuie mimi nani, nimfungie ndani na vijiko vyangu? Nikasaini, nikamwonyesha dole gumba. Akasema, "Asante, Baba," akaichukua, akaenda chumbani kwake.

Ijumaa mchana shule ikaonyesha kisa cha mkasi. Walialika na wanafunzi wa zamani, kwa hiyo binti yangu alikuwepo, amekaa nyuma na wenzake. Mimi na bosi tulipewa viti vya pembeni kama wakwe. Watoto walikuwa wamejaa sakafuni, wadogo mbele. Taa zikazimwa, Shangazi akatokea, na mimi nikavuta kiti mbele nivione vidole vyangu kwenye ukuta mzima. Vilikuwa vizuri jamani! Kila kifundo mahali pake.

Bosi akanigusa kiwiko. "Mbona hawacheki?"

"Bado hawajafika penye kicheko," nikamjibu.

Wakafika, wasicheke. Kwenye spika msimulizi anaangua kicheko peke yake, ndani ya chumba ambacho watu wawili watatu tu ndio wanaomsikia. Watoto walikuwa wanamtazama Shangazi, wanatazamana, wanamtazama tena. Shangazi anamfokea jirani na katabasamu kake. Shangazi analia, mikono inafuta machozi, macho makavu, wazi, yameganda. Kasichana kamoja ka mbele kakainuka, kakaenda hadi ukutani, kakamwekea Shangazi kiganja usoni, namna unavyompima mtu homa. Kakageuka kakamwuliza mwalimu kitu. Mwalimu akatuangalia sisi.

"Anauliza kama Shangazi amekufa," mwalimu akasema. Kisha akaniuliza mimi, polepole, kwa heshima iliyonichoma zaidi kuliko matusi, "Samahani, uso wake uko wapi?"

Hapo ndipo nilipoinua macho kutoka kwenye vidole. Haki ya Mungu, hapo ndipo. Wiki tatu za kazi, kutazama mara nne, na ule uso mfu nilikuwa sijauona. Nikageuka nyuma kumtafuta binti yangu, nikamkuta ananiangalia mimi, si ukuta, na hakuonekana kushangaa hata kidogo.

Jioni nyumbani nilianza kujitetea kabla hajavua viatu. Nikamweleza habari ya vitufe, jinsi ninavyozima traki za uso ili mashine iende, jinsi nilivyosahau kuwasha. "Ni kubofya mara tatu tu," nikasema. "Kazi yote ipo. Hakuna kilichopotea."

"Uliitazama mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara nne."

"Na hukuona."

"Nilikuwa naangalia mikono. Mikono ilikuwa sahihi, au sivyo? Niambie kidole kimoja kilichokosea."

Akakaa kwenye mkono wa kochi, ameshika kiatu kimoja. Akakiweka chini ili mikono yake iwe huru, na akanipa vidonge vyangu, taratibu, kwa alama kubwa kubwa ili nisije nikasema sikuelewa. "Baba, wenzangu walishangaa. Mimi sikushangaa. Yule wa ukutani mimi namfahamu. Naishi naye. Anasema umekula, anasema Mama amefariki, anasema kesho mvua, na yote ni uso ule ule. Alama zako ni nzuri. Sijui tu kama kuna mtu nyuma yake."

Nilitaka kumwambia kwamba uso wangu nimezaliwa nao, kwamba hata kwenye picha za harusi nimetoka kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na mama yake alinioa, yaani nilimwoa, hivyo hivyo. Nikainua mikono. Nikasema, "Najitahidi." Akanitazama usoni akisubiri kingine chochote. Hakikuja. Akaokota viatu vyake akaenda kufunga begi.

Jumamosi nikaenda ofisini peke yangu, maana shule ilitaka kisa kilichosahihishwa Jumatatu. Chini muuza magodoro alikuwa ameshafungulia kipaza sauti chake. Nikawasha kompyuta, nikazirudisha zile traki tatu, tak, tak, tak, na Shangazi akafufuka. Nikaona aibu. Uso upo, lakini nilikuwa nimeufanya kwa haraka haraka, nyusi zinapanda na kushuka bila mpango, kama kazi ya mtu aliyepewa adhabu. Nikasema hapana, leo nitaufanya kweli. Nikabofya kitufe cha kutenga kwenye uso. Mikono ikatoweka, mabega yakatoweka, futi ikatoweka. Ukabaki uso mtupu katikati ya skrini, nikakosa hata pa kuanzia. Miaka ishirini na mitatu katika kazi hii, sijawahi kuutenga uso. Kila siku nilikuwa natenga mikono.

Nikaamua kurudi kwa kielelezo, nimtazame binti yangu alivyofanya. Huwa nakata mwanzo na mwisho wa kila video, nabakiza kisa tu. Safari hii nikaichukua ile nzima kutoka kwenye simu, isiyokatwa. Nikaitazama kwa mara ya kwanza bila kuangalia mikono. Mwanangu anachekesha! Sikuwa najua. Anapomshuku jirani jicho moja linakuwa dogo, shavu moja linavimba, mdomo unasogea pembeni kama wa mama yake akisikia umbea. Nilicheka peke yangu mle ofisini, kicheko kikanitoka kwa nguvu hadi nikajishtua. Nikawa nachora huku nacheka.

Kisa kikaisha. Video ikaendelea.

Binti yangu akashusha mikono. Akatazama juu kidogo ya simu, pale nilipokuwa nimekaa mimi. Akapunga mkono kuniita. Akasubiri. Akapunga tena. Kisha akasema, "Baba, mama mdogo ananiita nikakae kwake. Chuo kipo kule na kipo hapa. Unataka nibaki?"

Akasubiri. Nyusi zimeinuka, kidevu kimesogea mbele, macho yananitafuta. Tarehe ilikuwa pale juu ya video. Siku tatu kabla ya ile fomu kuegemezwa kwenye kikopo cha chumvi.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwake. Nakumbuka vizuri nilichokuwa nakifanya: nimeinamia daftari, naandika "kulia, kidole cha tatu, mwambie arudie." Mambo ya vidole. Alinisubiri sekunde kumi na moja. Nilizihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi ninayoijua; picha mia mbili sabini na tano, nikazipita moja moja kwa mshale. Kwenye picha ya mia na arobaini nyusi bado ziko juu. Mia na tisini zimeanza kushuka. Mia mbili na ishirini mdomo umefungwa. Kwenye ile ya mwisho uso wake umetulia, hauna kitu, na mkono wangu unaingia kwenye picha, mkubwa, mweusi, unafunika kila kitu na kuizima simu.

Nikalia. Nililia pale kwenye kiti changu, pua zote, kitu ambacho sikufanya makaburini, huku muuza magodoro anatangaza sponji ngumu na sponji laini.

Nilirudi nyumbani nikikimbia nusu, nusu nikitembea. Nikamkuta shemeji yangu ameshafika kumchukua, yule mama mdogo, na nyumba imejaa. Ni mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, anazungumza kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja, anapika, anakunja nguo, anamsuka mtoto, vyote pamoja. Binti yangu alikuwa katikati ya miguu yake, kichwa kimeinamishwa, nywele nusu zimesukwa. Nilisimama mlangoni. Kila nilipoinua mkono, shemeji alinidaka.

"Shemeji, una neno la kumwambia mwanao? Sema basi, nimfikishie, mimi mikono yangu iko karibu."

Maneno nilikuwa nayo. Lakini kama yangepita kwa mtu mwingine, hata kwa huyu ninayempenda, yasingekuwa yangu tena. Nikasema, "Mwambie... mwambie zipu ya begi ni mbovu, aifunge kwa kamba."

Akamwambia. Binti yangu akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Nilijichukia jioni ile, nasema kweli. Nikala bila kujua ninachokula, nikaenda kulala nikiwa nimeapa kwamba asubuhi nitasema, na asubuhi palikuwa na chai, na kamba ya begi, na teksi inapiga honi, na shemeji anatafsiri hadi habari za hali ya hewa.

Kituo cha mabasi kilikuwa kimefurika. Wakapanda, kondakta akafunga mlango, na binti yangu akakaa dirishani. Lilikuwa moja ya mabasi yale yenye vioo visivyofunguka. Shemeji kando yake aliinama kutafuta kitu chini ya kiti, na akazama huko. Nikajikuta nimesimama nje, kioo kiko kati yetu, hakuna wa kunidaka.

Kushoto kwangu bwana mmoja alikuwa anakigonga kioo kwa ngumi, "Funguo! Funguo umeziacha wapi?" Mke wake ndani anaweka kiganja sikioni, "Nini? Nini?" Kulia bibi mmoja anapaza sauti, "Ukifika piga simu!" na mjukuu anacheka tu, hasikii kitu. Kituo kizima kilikuwa kimezibwa mdomo na vioo. Sisi wawili tu ndio tungeweza kusema.

Nikapunga mkono. Akanitazama. Nikapunga tena, ingawa alikuwa ameshanitazama.

Nikaanza, na vidole vyangu, hivi vidole vyangu maarufu, vikanisaliti. Vilikuwa vinachanganya herufi, kidole cha tatu kikakataa kabisa kukunjika. Nikasema, "Nimeiona video. Jana. Uliniuliza. Nilikuwa nimeinama, sikuinua macho. Sikuona. Uliniuliza na mimi sikuona." Nikafuta hewa kwa mikono, nikaanza upya. "Nataka ubaki. Siku ile nilitaka ubaki. Niliposaini nilitaka ubaki. Nyumba ile siiwezi bila wewe. Mama yako nimemkosa, na wewe nakukosa, na uko mle mle ndani."

Uso wangu ulifanya nini sijui, siwezi kujiona. Nilihisi tu kidevu kinaniruka na mashavu yanauma mahali ambapo hayajawahi kuuma. Yule bibi wa kulia akaacha kupaza sauti, akasogea, akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Sikumjibu.

Binti yangu hakuwa anaangalia mikono yangu. Ilikuwa inababaika mbele ya kifua, na yeye hakushusha macho kuitazama hata mara moja. Alikuwa amesogea hadi pua inagusa kioo, ananitazama usoni, mdomo wazi kidogo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ubaki. Nilitaka ubaki.

"Rudia."

Nikarudia. Injini ya basi ikawashwa, kioo kikaanza kutikisika. Shemeji akainuka na chupa ya maji mkononi, akanitazama, akamtazama mtoto, akainua mikono kutaka kutafsiri. Binti yangu akamshika viganja vyote viwili, akavirudisha mapajani kwake. Kisha akanigeukia, uso wake umejaa machozi na hasira na kitu kingine ambacho nilikisoma bila msaada wa mtu.

"Kumbe unaweza," akasema. "Kumbe muda wote uliweza."

"Shuka," nikamwambia. "Nitamwambia dereva."

Akatikisa kichwa. Si kwa haraka. Alifikiria, niliona anafikiria, kisha akatikisa. "Nilisubiri nikachoka, Baba. Nakwenda." Basi likaanza kurudi nyuma, watu wakatawanyika, bwana wa funguo akanikanyaga mguu. Mkono wa binti yangu ukapiga kioo kuniita, kwa pupa, kana kwamba mimi ndiye ninayeondoka. "Lakini usinyamaze. Sema mpaka nisikuone."

Nikasema. Nilitembea kando ya dirisha kisha nikakimbia, mzee mzima, tumbo linanitangulia, nimeinua mikono juu ili aione, ingawa sidhani kama aliitazama. Niliishiwa alama za maana nikaanza kusema chochote kilichokuja, bomba la jikoni, mama yake, yule jirani wa mkasi alivyonichekesha. Basi likafika getini, likakata kona, na mimi bado nilikuwa namjibu.